Mililita Saba

Egesa ameuleta begani kama abebwavyo mtoto aliyelala,
mtungi wa chuma, rangi ya njano imebanduka,
kitako kimemwachia shati duara la kutu.
"Fundi Naigaga, nipimie. Ulikuwa wa baba.
Nimepata kazi ya kushona nyavu chini ya vizimba vya sato."

Karakana yangu iko Masese, nyuma ya kiwanda cha samaki;
kila kiingiacho hapa hunuka sangara kwanza,
grisi baadaye.

Nasoma bega la mtungi kwa kidole.
Bar mia na hamsini na tano: huo ndio mzigo wake.
Kisha tarehe, moja moja, zimegongwa kwa nyundo:
sabini na moja, na alama ya kujumlisha pembeni.
Sabini na sita.
Halafu chuma kitupu, laini, upana wa vidole viwili,
mpaka tisini na mbili.
Simuulizi. Miaka ile
hakuna aliyepima kitu.
Tulijazwa tu.

Tisini na saba, kisha basi.
Kisha uvungu wa kitanda, Walukuba, vali imekazwa.

"Kuna hewa bado," anasema. "Aliijaza mwenyewe,
Jumamosi, Jumatatu hakuamka.
Kabla hujaimwaga
niache nivute. Mara moja tu."

Nikamwambia hapana,
akaniangalia kama niliyemnyima maji msibani.

Egesa, sikia. Mlikuwa na unyevu humo, tone moja, mawili.
Kutu nayo ina mapafu.
Miaka yote hiyo imekaa gizani ikivuta oksijeni,
taratibu, bila kukohoa, kama mpangaji asiyelipa.
Iliyobaki inasukuma sindano ya geji vilevile,
geji hujua wingi, haijui wema.
Ukiivuta utaanguka hapa sakafuni
kabla hujamkumbuka hata sura.
Pumzi ya baba yako, kutu imekutangulia.

Nafungua vali, robo tu.
Inatoka kwa mluzi mwembamba, muda mrefu,
mpaka mashine za jirani zinanyamaza kwa chakula cha mchana
nayo bado inatoka.
Amevua kofia. Mimi nashika spana.

Ndani, kwa tochi: vumbi jekundu kama barabara ya Bugembe,
mashimo machache, kina cha ukucha wa mtoto.
Naosha. Najaza maji hadi shingoni,
naushusha ndani ya pipa la maji,
maji ndani, maji nje.
Watu huuliza, mbona si hewa?
Hewa ukiibana huweka kinyongo;
chuma kikipasuka, paa lote linakwenda nayo.
Maji hayana kisasi. Yatalia "pshh", yataishia hapo.

Napiga pampu. Mia. Mia mbili. Mia mbili hamsini na nane.
Nusu dakika. Hatupumui, sijui kwa nini.
Chuma kinavimba, jicho halioni,
ila kwenye bomba la kioo maji yanapanda:
mililita mia na kumi na nane.

Kuvimba si kosa. Nani asiyevimba akibanwa?
Nalegeza, nasubiri maji yashuke.

Yanashuka. Yanasimama kwenye saba.

"Umepona?"
Umepona. Mwisho ilikuwa kumi na moja na ushee.
"Na hizo saba?"
Hazirudi. Ndio ukubwa wake sasa.

Anacheka kidogo, wa kwanza tangu asubuhi.
"Basi nigongee na ile alama, kama zamani,
nijaze asilimia kumi juu."
Hapana, Egesa. Hiyo ilikuwa ya ujana wake.
Mia na hamsini na tano, usizidishe hata pumzi.

Nachukua nyundo na namba za chuma.
Nafasi nzuri ipo pale katikati,
laini, upana wa vidole viwili,
hata yeye ananionyesha: "Hapa, fundi, pasafi."
Nasogea mbele ya tisini na saba,
penye mikwaruzo,
nagonga hapo.