Kosea Hatua

Mimi ndiye niliyezungusha mpini wa kamera,
duru mbili kwa sekunde, nikihesabu kimoyomoyo,
kule New Jersey, uwanjani nyuma ya kiwanda cha barafu,
Aprili, mwaka wa kumi na tisa, matope hadi vifundoni.

Mwongozaji Kessel alitaka kikosi cha mabwege:
wagongane, waangushe bunduki za mbao,
sajini apigwe teke la makalio asijue na nani.
Kwa dola moja na bakuli la supu tukapata wanaume tisa
waliorudi kutoka Ufaransa, kazi hawajaona.

"Kosea!" Kessel akapaza. "Kosea hatua!"
Miguu ikakataa.
Kushoto, kulia, kushoto, kama sindano ya cherehani.
Pavlik akajaribu kujikwaa makusudi;
akajikwaa kijeshi, kwa hesabu.
Haverty akaomba radhi: "Mimi nataka, bwana. Hii ndiyo haitaki,"
akiyapiga mapaja yake kama anayempiga punda wa jirani.

Aliyeweza ni mmoja, Lemuel Stroud,
jeshi lilimkataa kwa nyayo bapa.
Masharubu ya gundi, suruali ya kumeza wawili.
Huyo alikosea bila kufundishwa,
na Kessel alicheka hadi kofia ikamdondoka.

Saa sita, supu ikigawiwa,
bomba la amonia likapasuka kiwandani.

Tisa wakalala.
Si kuanguka, kulala: nyuso matopeni,
viganja kisogoni, wote kwa pigo moja,
mabakuli yakabaki hewani kidogo, kisha nayo.
Lemuel peke yake amesimama, kijiko mkononi,
akitazama huku na huku, nani kamwita.
Na mkono wangu? Haukukosea.
Duru mbili kwa sekunde.

"Hiyo!" akalia Kessel kwa furaha. "Hiyo hatuikati!"

Filamu haina sauti. Mshindo haumo.
Nimeiona Dayton, ukumbi wa senti tano,
watoto wakigaragara kwa kicheko:
wazee wazima wameangushwa na supu!
Binti wa piano, Bi Ottilie,
sijui nani alimwambia, pengine hakuna,
alipofika pale aliacha wimbo wake
akazigonga funguo zote nene kwa viganja viwili.

Safu ya nne, kofia ya mtu ikaanguka.
Akainama kuiokota.
Akakawia.