Kioo cha Kushoto

Gari lake lilitoka Japani, usukani kulia,
likaja kuzeekea Zestaponi, nchi ya kupita kulia.
Yaani dereva anakaa ukingoni, upande wa mtaro,
na barabara yote iko ng'ambo ya bega la abiria.

Nugzari alisimama mvuani, kofia mkononi,
kama mtu aliyekuja kuposa.
"Kioo cha kushoto hakigeuki," akasema.
"Tangu lini?"
"Miaka minne."
Miaka minne! Umesalimikaje, nikamuuliza,
kwenye kona za Rikoti, na yale malori yanayokwenda baharini?
"Tsiuri alikuwa ananitazamia."
Kiti cha kushoto kilikuwa na mto wa sufu.
Sikuuliza zaidi.

Nilianza na fyuzi, kama kila mvivu.
Fyuzi nzima, inang'aa, hainijui.
Nikabonyeza swichi: kimya. Hata ule mkwaruzo
wa mota inayogomea kazi, hamna.
Nikabandua ubao wa mlango, klipu mbili zikavunjika,
gari la zamani halivuliwi nguo bure.
Nikaipa mota umeme wa betri, moja kwa moja,
na kioo, masikini, kikainama
kama aliyeitwa kwa jina lake.
Nikageuza nyaya, nikakirudisha palepale kilipokuwa.
Mazoea tu.

Basi mota hai. Swichi nayo hai: multimita inasoma
kumi na mbili nukta tatu zikitoka.
Huku mlangoni, sufuri.
Umeme unaaga nyumbani na haufiki.
Katikati kuna nini?
Katikati kuna bawaba.

Kikulacho ki nguoni mwako; cha gari ki mlangoni.
Nikavuta kile kibomba cha mpira chenye mikunjo
kinachozifunika nyaya zikivuka kutoka bodi,
nikazipapasa mmoja mmoja, macho nimefumba,
maana ugonjwa huu hauonekani, hushikwa.
Waya wa kahawia, ule wa shirika,
unaohudumia juu na chini, ndani na nje:
ngozi nzima, laini, haina hata mchubuko.
Nikaukunja. Ukakunjika kirahisi mno,
kama mkono wa shati usio na mkono ndani.
Shaba ilikwisha kukatika zamani,
ncha zake zimeota kutu ya kijani.

"Umekatwa na nini?"
Nikamwambia kweli: na mlango.
Kufungua, kufunga. Si kwa siku moja.
Sokoni, zahanati, kwa dada yake Khashuri,
kila aliposhuka, kila alipopanda,
uzi mmoja wa shaba, kisha mwingine.
Akanyamaza. Nikajuta.
Fundi hufundishwa kupima, hafundishwi kukoma.

Nikakata palipooza, nikaunga kipande kirefu kidogo
ili kipate nafasi ya kujikunja, nikalehemu,
nikaupitishia kimrija cheusi, nikakipasha kwa kiberiti
mpaka kikasinyaa, kikashika.
"Bonyeza," nikasema.

Hakubonyeza.
Kioo kilikuwa bado kimeelekea kile kiti,
pembe ile aliyokuwa akifungia kitambaa chake,
kikionyesha mto wa sufu na kipande cha dirisha.
Mvua ikapiga bati. Nikajifanya natafuta bisibisi
niliyokuwa nimeishika.

Kisha ngrrr: kioo kikapanda, kikapitiliza,
kikajaa mawingu, mbingu nzima ya Imereti,
mzee akacheka, akakishusha, akakosea, akakipandisha tena
mpaka barabara ikaingia.

Alinilipa lari arobaini
na chupa ya divai yake mwenyewe, isiyo na lebo.
Langoni akasimamisha gari. Taa ya kushoto ikapepesa.
Kioo kilikuwa sawa, nilikiona kutoka pale nilipo;
nyuma yake hapakuwa na kitu, hata baiskeli.
Bado akakiinamia kile kiti
akangoja kuambiwa.