Kitako cha Mukula

Bunduki ya Mwepu, mlinzi wa ghala la unga hapa Kenya,
mtaa wetu wa Lubumbashi,
ina namba tatu, na hakuna inayokubaliana na mwenzake.
Ya mtutuni wameipiga tupa
ikabaki kama kovu la ndui.
Ya pili iko kwenye komeo.
Ya tatu ni rangi nyeupe juu ya mbao,
mkono wa mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.

"Mpya kabisa," ananiambia. "Nilipewa na karatasi zake."
Nasubiri gunia langu, sibishi.
Mpya, kama shati la mtumba
siku ya kwanza unapolivaa wewe.

Lakini kitako nakijua.
Ni mukula, si ule mti uliokuja nayo melini,
na chini, pale bega linapokutana na mbao,
upo msumari wa shaba, mdogo kama punje ya ulezi.

Baba yangu, Kilufya, alikuwa seremala wa mabehewa.
Vita vilipokwisha, sitini na tatu,
walimletea karakanani bunduki mia nne
zimefungwa mafungu mafungu, kama miwa:
zilizozama topeni, zilizoliwa na mchwa,
zilizovunjwa na watu waliokataa kuzirudisha nzima.
Wakamwambia: zifanye zifanane.
Mitutu ikachemshwa kwenye pipa,
komeo la hii likaingia tumboni mwa ile,
na zilizokuwa maadui mwezi wa kwanza
zikatoka kwenye mafuta ni ndugu wa tumbo moja.

Vumbi la mukula lilimganda kwenye kucha.
Alipomega bukari, tonge lilikuwa jekundu.
"Kaoshe tena," mama alisema.
Akaosha.
"Tena."
Tulikuwa watoto saba; kazi hakuiacha.

Msumari ulikuwa wa nini, sikumwuliza.
Kaka alisema ni hesabu, asije akapunjwa malipo.
Shangazi alisema ni toba.
Mimi nilimwona akiupigilia,
mingine kaibana midomoni,
na mtu mwenye misumari midomoni hasemi kitu.

Leo Mwepu ameniomba nimshikie, afunge kamba ya kiatu.
Nzito kuliko nilivyodhani.
Akacheka: "Usiogope, mama, haina kitu ndani.
Risasi za kipimo hiki siku hizi hazipatikani.
Tunatishia wezi tu."

Nikapitisha kidole gumba chini ya kitako.
Shaba ikiachwa hufifia, huota ukungu wa kijani;
kila mtoto wa mji huu anajua hilo.
Huu unang'aa.
Miaka sitini, na bega moja baada ya jingine
limekuwa likiusugua.

Nikamrudishia.
Gunia langu lilikuwa limeshuka,
kilo ishirini na tano, limechanika pembeni,
na unga ulikuwa unamwagika.