Itafaa

Akiba haiozi, walisema.
Waliosema hawakupanda ngazi hizi za Langoni
wakanusa chumba changu cha juu,
ambako boriti za mkoko zimepinda mgongo
kwa uzito wa kila nilichokiambia: ngoja, utafaa.

Thureya, binti wa kaka yangu, amekuja na glavu na barakoa
kama aliyeitwa kuosha maiti.
Chini, kichochoroni, Kombo Lali amemsimamisha punda.
Mia mbili kwa safari, asema,
mia tatu kama mna vyuma.

Tumeanza na vyepesi.
Risiti za umeme tangu enzi za bei ya kucheka.
Redio mbili bubu, na ya tatu inayokoroma.
Chupa tano za chai, kioo kimevunjika tumboni,
ukizitikisa zinalia kama njuga.
"Hii inafanya kazi, shangazi?"
Haifanyi.
"Inakukumbusha mtu?"
Hapana, mtu gani.
"Basi?"
Nikafungua mdomo, likatoka lile lile moja:
itafaa.

Halafu ndoo.
Kwetu Amu ukimwita mtu unamwambia ndoo,
na tangu Shekuwe afe nimekusanya kumi na moja,
zote zimetoboka.
Ndoo, ndoo, ndoo, mpaka darini.
Hakuja.
Thureya hakucheka. Mimi nilicheka,
kisha nikakaa juu ya moja, nayo ikapasuka.

Cherehani ya mavyaa: hii inashona.
Mwenyewe alininyima usingizi miaka tisa.
Inabaki. Sindano haina kinyongo.

Lakini chini ya kitanda,
ndani ya katoni la maziwa ya kopo,
zikatoka zile chupa za dawa ya kifua,
arubaini na moja, zimeoshwa, zimefungwa.
"Za kutilia mafuta ya nazi," nikawahi kusema.
"Shangazi, wewe mafuta unanunua dukani."
Ni kweli, nanunua dukani.

Nikazishika moja moja.
Kila chupa ilikuwa wiki moja. Wiki aliyokula uji.
Wiki aliyotaka adirishiwe dirisha asikie watoto wa madrasa.
Wiki ya mwisho, nusu chupa, iliyobaki nikaimwaga mimi.
Miaka sita nimeyaita mapenzi matumizi,
nikayavika kanzu ya akili ili majirani wasinione.
Na zile redio, je? Zile nilikuwa naziita kumbukumbu,
kumbe ni woga tu, woga wa mtoto
aliyewahi kulala na njaa ndani ya nyumba yenye zidaka tupu.
Maneno mawili yaliazimana nguo humu ndani
hata nikashindwa kujua nani ni nani.

Basi nikayavua.
Zidaka zangu leo zina sahani, zina chumvi.
Woga, nenda na punda.
Na wewe Shekuwe, hukuwahi kukaa ndani ya chupa.
Nikabandua lebo moja tu,
ile ambayo mfamasia alikosea akakuandika Shekue Bi Athmani,
ukacheka hadi ukakohoa, ukakohoa hadi tukaogopa.
Nimeitia ndani ya msahafu, karatasi isiyozidi kidole.
Arubaini na moja zimeshuka ngazi zikigongana.

Safari ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu nilimkimbilia Kombo hadi kwenye kona ya msikiti,
buibui mkononi, kandambili moja mguuni,
nikachomoa kifuniko cha bati kisicho na sufuria.
Si cha mtu yeyote. Hakinikumbushi kitu.
"Itafaa," nikamwambia punda, kwa kuwa Kombo aligeuza uso.

Thureya amekiona juu ya mtungi, hakusema neno.
Hakikai sawa. Upande mmoja kimeinuka,
mende mwembamba anaweza kupita.

Chumba cha juu sasa kina sakafu.
Usiku nimepanda bila taa, nikatembea kutoka ukuta hadi ukuta,
mikono mbele, nikingoja kujikwaa.