Zamu ya Alhamisi, Mto Mirongo

Saa kumi na mbili kasorobo, daraja la Mabatini.
Wa kwanza kufika ni mimi, kwa sababu goti langu
huamka kabla yangu.
Halafu Koplo Lugodisha, kamba begani,
halafu Minza Ng'wandu, aliyehudumia majeruhi,
na kibegi kilekile cha msalaba uliofifia,
ila ndani hamna tena bendeji:
chupa kumi na mbili, kipimajoto,
karatasi za kubadilika rangi,
na daftari la shule lenye picha ya twiga.

Hakuna aliyetutuma. Nalisema mapema
maana hapa watu huanza na
"Mnalipwa na nani?"
Kijana mmoja alidhani tunapima viwanja,
akahamisha genge la mamaye usiku uleule.
Minza alimfuata hadi Igoma:
rudisha, mwanangu, tunapima maji.

Lugodisha hushusha mfuniko wa sufuria
alioupaka rangi, nusu nyeupe, nusu nyeusi.
Unazama. Ukipotea machoni
anahesabu vifundo vya kamba, ananguruma:
"Vifundo viwili. Ova."
Nami: "Vifundo viwili, nimekupata,"
ingawa tumesimama kiwiko kwa kiwiko.

Mwaka ule, kule Kagera, nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Tulichuja maji kwa leso, tukanywa.
Bwire wa Ukara alipiga magoti mbele yangu,
akateka kwa kofia ya chuma,
akasema ni matamu.
Hatukuuliza mto umebeba nini.
Kulipopambazuka tuliona.
Sijawahi kulisema hili nyumbani.
Nalipima tu, kila Alhamisi.

Juu, kwenye miamba, maji bado yana utani:
karatasi inasema saba.
Chini ya soko yananuna.
Korongo wamesimama kwenye taka
kama maofisa waliosahauliwa kwenye gwaride.
Na yote haya yanaelekea ziwani,
na ziwani kuna bomba,
na bomba linakuja kwenye kikombe changu cha chai.

Alhamisi iliyopita, kituo cha nne,
karatasi iligeuka samawati. Tisa.
Povu, na juu ya povu utando wa mafuta
wenye rangi za shingo ya njiwa.
Tukalifuata povu kwenda juu
kama tulivyofundishwa kufuata waya,
polepole, bila kugusa.
Likatufikisha kwenye mpira mweusi,
mpira ukatufikisha nyuma ya banda,
na kwenye banda pameandikwa kwa mkono:
KASUBI OSHA MAGARI.

Kasubi ni mjukuu wangu.
Pampu ile niliinunua mimi,
kwa kilichosalia cha kiinua mgongo.

Lugodisha akawatazama korongo.
Minza akafunika kalamu.
"Tunaweza kuandika chanzo hakijulikani,"
akasema, kwa sauti ileile
aliyokuwa akiwaambia majeruhi
kwamba gari liko njiani.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakusema hayapimiki.
Niliomba kalamu. Niliandika tisa.
Niliandika jina la banda, herufi kubwa,
kama lilivyo ukutani.
Mkono ulitetemeka, lakini mkono huu
hutetemeka hata ukishika kijiko.

Kasubi hajanisalimia siku sita.
Ya tano, mama yake alisema
amekopa koleo na toroli la kokoto,
hakusema za nini, nami sikuuliza.
Usiku huo ikanyesha.

Leo, kituo cha nne. Karatasi: nane.
Sijui kama ni mvua
au ni mjukuu.
"Nane," anasema Lugodisha. "Ova."
Bado namtafutia jibu.
Minza ameshaandika.