Hesabu ya Matone

Mikono yangu hainyamazi hata nikiisugua kwa majivu.
Mwaka wa nane huu nachochea moto chini ya pipa, hapa Isecheno,
mwonyi ukitokota, mvuke ukikwea bomba,
ukapoa, ukarudi duniani tone, tone, tone:
gunia zima la majani, na mafuta yake
hayajazi hata kikombe cha mtoto.
Kanisani wananijua kabla sijaketi.
"Mafua yetu yamepata mganga," Mama Respa hunong'ona,
akisogea, benchi likilia.

Na wewe, Khasandi, kesho unarudi shule.
Sanduku limefungwa kwa kamba ya katani, kufuli lilipotea muhula uliopita,
nawe unaniomba kichupa.
"Wenzangu hawalali, mama. Taa zikizimwa
mtu anausikia mtihani ukitembea darini."
Unasema wenzangu. Mimi naziona kope zako
zilivyovimba, nanyamaza.

Ningekupa mara moja. Ila kuna usiku mmoja.

Shivachi alikuwa na majuma sita, kifua kikikoroma kama paka,
nami mgeni kazini, nimelewa fahari ya harufu yangu.
Nikasema, kinachofungua pua ya mtu mzima
kitashindwaje na kipua cha ukubwa wa punje ya njugu?
Nikampaka. Mafuta matupu, bila kuchanganya, chini ya pua.
Akavuta pumzi
akaisahau.
Midomo ikageuka zambarau.
Njia ya kwenda Shinyalu siikumbuki. Nakumbuka viatu:
kimoja changu, kimoja cha baba yenu.

Muuguzi wa zamu, Bi Ingaiza, hakunigombeza hadi mtoto alipolia.
Kisha akanigombeza mpaka kukakucha.
"Pua ya mtoto mchanga si bomba la pipa lenu!
Mnyonyeshe. Mbebe wima. Mlete mapema.
Kinachokuburudisha wewe, kwake ni mkono kooni."
Niliitikia kila neno,
jasho langu lenyewe likinukia mwonyi.

Basi hesabu yangu ni hii, iandike au uikariri:
tone moja kwenye leso, wala si kwenye ngozi.
Ukitaka kupaka, tone hilo lioge kwanza
katika kijiko cha mafuta ya alizeti,
ujaribu mkononi, ulale nalo, uamke utazame.
Mwenzako mwenye pumu, usimpe, hata akibembeleza.
Mdomoni, kamwe.
Na lisikudanganye: halijui pembetatu,
halitamjibu mwalimu wa kemia, wala haliondoi
hilo jambo usiloniambia.
Hilo liandikie barua, au omba simu ya matroni,
nitakuja hata kwa viatu visivyofanana.

Nanyoosha mkono mezani, kichupa hakipo.
Sasa ndipo ninapowaza: kila nikikiacha hapa
asubuhi hukikuta juu ya boriti,
na miaka yote hii nimemsifu baba yenu kwa unadhifu.
Unapanda kiti, unakishusha bila kupapasa.
Unakifuta vumbi kwa pindo la leso yako.
"Nilikuwa macho," unasema, mgongo umenigeukia.
"Nilihesabu mabati ya paa mpaka mkarudi."

Maji ya chai yamechemka, yanamwagikia moto,
hakuna anayeinuka.
Shivachi anaingia, magoti matope matupu,
ananusa, anapiga chafya,
anauliza nani anaumwa.
Tunatazamana, wewe na mimi,
kila mmoja akimsubiri mwenzake ajibu.