Shavu la Tairi

Aminieli alikuja gerejini kwangu, Pasua, Moshi,
na rimu nne za inchi kumi na nane
amezifunga kwenye blanketi kama vichanga.
Zilikuwa zinang'aa. Niliyaona meno yangu ndani yake,
na pengo langu pia.

"Fundi, toa hizo za kumi na nne."

Nikamwambia: gurudumu lenyewe halikui, bwana mdogo,
likikua litasugua madigadi.
Kinachokua ni chuma. Kinachopungua ni mpira.
Nikampimia kwa vidole:
shavu la tairi la zamani, vidole saba;
la hili jipya, vinne, tena ubane.
Akacheka. "Vinne vinanitosha."

Sikatai. Nililijaribu mwenyewe gari lile,
lami ya kwenda Himo, alfajiri, kabla ya malori.
Kona ilipokuja sikuibembeleza.
Niligeuza usukani upana wa kucha
na pua ya gari ikaenda palepale nilipotazama,
bila ule uvivu wa zamani
wa kuyumba kwanza, kufikiri, ndipo kutii.
Nina miaka hamsini na sita.
Nilipiga mluzi.
Niliporudi sikumwambia mtu.

Jumatano akamfuata bibi yake hospitali,
Bibi Ndeshukurwa, nyonga mpya, wiki ya pili.
Kwao ni Uru, kule juu, lami inakoishia
karibu na mashine ya kumenyea kahawa
na mawe yanaanza, meusi, yameoshwa na masika
yakabaki meno matupu.
Bibi hakulia. Alihesabu.
Shimo la kwa Mlaki. Tuta la kanisani.
Mfereji unaokatiza njia, ule uliochimbwa na babu zao,
akautaja kwa jina la aliyeuchimba.
Walipomshusha, watu watatu, akaushika mlango akasema:
"Mjukuu wangu, gari la zamani lilikuwa na adabu.
Hili limenisomea barabara neno kwa neno."

Nimelala na kauli hiyo siku nne.

Maana shavu nene ni mshenga:
jiwe humtuma na tusi,
naye akifika kwenye kiti
tusi limeshakuwa salamu.
Shavu jembamba ni shahidi kizimbani,
haongezi, hapunguzi.
Wewe uliyeshika usukani utampenda,
anakueleza lami ilipo, maji yalipo,
mchanga ulipomwagika kwenye kona.
Lakini aliyelazwa kiti cha nyuma,
mwenye mfupa mmoja wa kiwandani,
ushahidi wote huo aupeleke wapi?

Watu hulaumu shokapu.
Shokapu maskini! Huletewa ugomvi
ulioshindwa kuamuliwa mlangoni.

Jumapili Aminieli akaja, nami nimevaa suti ya ibada.
Hakushuka upesi.
Rimu ya mbele kushoto imepinda ukingo, pale pale kwenye mfereji;
nikaizungusha, ikacheza kama mlevi anayetafuta nyumba.
"Sitaziuza," akasema. "Zitakaa kwako.
Bibi akipona nitazichukua."
Sikumjibu kwamba nyonga hupona, njia ya Uru haiponi.
Pengine nilitaka zikae kwangu.

Nikaenda nyuma, kwenye pipa la oili chafu,
kuzitafuta zile za kumi na nne.
Ndani ya moja, kwenye mpira uliolegea, kuku ametaga.
Mayai manne.
Tukafunga magurudumu, nikapima upepo,
nikapunguza kidogo kuliko kitabu kinavyosema, kwa ajili ya mawe,
nikampa mayai ampelekee bibi,
hayana trei, hayana hata gazeti,
yakalala wazi kwenye kiti cha nyuma.

Jioni simu ikalia. Hakusalimu.
"Manne," alisema.
"Yote."